Buhongwa hadi Nansio kwa Gari Linalojizima

Wenzangu wa jumuiya, nimechoka kusimulia vipande vipande. Mama Neema nilimweleza ya Igoma tukiwa sokoni, Mama Salome akasikia ya Kisorya kutoka kwa mtu ambaye hakuwepo, na Jumapili nimekuta mnasema kanisani kwamba mama yangu ana leseni ya udereva. Mama yangu! Basi kaeni chini nianze mwanzo. Na wale wenye tabia ya kumtetea mume wangu nikimsema, leo naomba mnyamaze hadi nimalize.

Buhongwa

Mnajua mama alikuwa kwangu tangu masika, mguu ukitibiwa. Mnajua pia kwamba baba alipofariki alimwachia mji kule Ukerewe, nje kidogo ya Nansio: nyumba ya bati, michungwa, na shamba la muhogo linaloshuka hadi ziwani. Msichojua ni kwamba baba mdogo Magesa, mdogo wake marehemu, alikuwa ameitisha kikao cha ukoo kimyakimya. Muuza machungwa mmoja wa Nansio ndiye aliyetuletea habari. Jumamosi, kabla ya jua la mchana, ukoo ungekaa kuamua kama mjane aliyehamia Mwanza bado ana mji. Asipotokea, mji unakwenda kwa Magesa. Hoja zake zilikuwa mbili: kwamba kikongwe hawezi kutunza mji peke yake, na kwamba nyuma ya kikongwe yuko mkwe, Msukuma wa Buhongwa, anayemezea mate machungwa ya watu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Pale nimemzika mume na watoto wawili. Magesa amemzika nani?" Kisha akaenda kufunga mzigo.

Meli hapandi. Tangu mwaka ule wa msiba mkubwa ziwani, mama ukimtajia meli anaondoka chumbani. Kivuko cha Kisorya anakivumilia, kwa sababu pale nchi kavu unaiona mbele na unaiona nyuma. Kwa hiyo ilikuwa lazima tuzunguke kwa barabara, na hapo ndipo mume wangu, Baba Kulwa, alipoiona nafasi yake.

Shirika lao la umma lilipouzwa na watu wakapunguzwa kazini, wenzake walinunua mashine za kusaga, wengine ng'ombe, mmoja akafungua duka la vipuri. Baba Kulwa, aliyekuwa mkuu wa stoo na ambaye hajawahi kusahau kwamba alikuwa mkuu wa stoo, alichukua kiinua mgongo chote akanunua gari. Gari dogo jeupe, lililotumika Japani likachokwa, likapitia Dubai, likafika kwetu bado lina harufu ya sigara za watu tusiowajua. "Soko huria, Mama Kulwa," aliniambia siku alipolileta. "Sasa kila mtu ni mkurugenzi."

Mkurugenzi alikuwa na gari lenye ugonjwa mmoja. Kila likisimama, linazima. Halikohoi wala halitetemeki, linanyamaza tu kama mtu aliyekumbuka jambo. Papo hapo kwenye dashibodi kinawaka kitaa cha kijani, pembeni mwa kitufe chenye maandishi ya Kijapani. Baba Kulwa alisema hiyo ni taa ya redio. Gari halikuwa na redio.

Jambo jingine mlishike, hasa ninyi msiotoka kwetu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani, hawali sahani moja, hawakaliani viti na hawaitani majina. Mama alikaa nyuma akitazama dirishani, mimi mbele, nikawa simu. "Mwambie mama tunaondoka," anasema Baba Kulwa. "Mama, tunaondoka." "Mwambie nimesikia." Na kati yao hapakuwa hata na urefu wa mkono.

Igoma: betri iliyozoea baridi

Tuliondoka Alhamisi asubuhi, na Baba Kulwa ameahidi kwamba jioni tutakula chakula Nansio. Kuvuka mji tu gari lilizima kila tuliposimama. Kila lilipozima mikono yake ilikimbilia swichi: anaizima, anaguna, anaiwasha tena, na gari linawaka mara moja bila shida yoyote. Lingekuwa gari la mtu mwenye akili tulivu angesema, linasumbua mjini, lakini linatembea, twende. Yeye alipofika Igoma akaegesha kwa fundi wa betri.

Fundi huyu wanamwita Daktari. Ana kibanda cha mabati na safu ya betri kuukuu zimepangwa nje kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Alifungua boneti, akachukua spana, akagusanisha vichwa viwili vya betri. Cheche zikaruka, pwaa! Mama akapiga ishara ya msalaba.

"Umeuona moto huo, mzee?" Daktari aliuliza.

"Nimeuona. Mkali."

"Huo ni moto wa mwisho. Hata mgonjwa akikaribia kukata roho hupata nguvu, akaomba uji. Kesho yake unasikia kilio."

Baba Kulwa akatikisa kichwa kwa huzuni. Akaeleza kwamba likitembea ni zima, likisimama linakufa. Daktari hakufikiri hata kidogo. "Ndiyo hivyo. Hii ni betri ya Japani, imezoea baridi. Likitembea, upepo unaipoza. Likisimama, joto la Mwanza linaichemsha maji."

Nikauliza, mimi niliyesoma hadi darasa la saba tu, "Kama imekufa, mbona ukizungusha swichi linawaka palepale?" Wote wawili walinitazama kwa upole mkubwa. "Mama," Daktari alisema, "hayo ni mambo ya umeme."

Haya. Ikatolewa betri ya Japani, safi, vichwa vyake vinang'aa, ikawekwa ndani kabisa ya kibanda, mbali na wagonjwa wengine. Tukapewa nyingine, nyeusi, imezibwa kwa lami juu, vichwa vimeota ungaunga mweupe. Hii, alisema Daktari, ni ya hapahapa, jua inalijua. Na kwa kuwa tulikuwa tumepewa kitu kizuri zaidi, tukamwongezea na hela.

Mama akanigusa bega. "Mwambie hakuna anayebadilisha ng'ombe mnene kwa mbuzi mwenye upele."

Nikamwambia, neno kwa neno.

"Mwambie mama hii ni teknolojia," alijibu Baba Kulwa, akawasha gari. Liliwaka kwa kujivuta. Akasema linazoea.

Kisesa hadi Magu: sheria ya wasukumaji

Kabla hatujatoka Kisesa vizuri, ng'ombe walivuka barabara. Tukasimama, gari likanyamaza, kitaa cha kijani kikawaka. Baba Kulwa akazima swichi, akawasha. Tik. Akarudia. Tik. Ng'ombe walimaliza kuvuka, mchungaji akavuka, na mbwa wa mchungaji akavuka, sisi tupo.

Wakaja vijana wawili wanaotoka mnadani, mmoja amekumbatia jogoo. Wakatusukuma, mimi nikisaidia, gari likashika, na kabla sijarudi kwenye kiti changu vijana wako ndani na jogoo wao, wamekaa na mama wanamwamkia. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, poleni na kazi."

"Hili si gari la abiria," Baba Kulwa alisema akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Sisi si abiria, mzee," alijibu yule wa jogoo. "Sisi ni stata yako."

Na kweli, katika barabara ile ya Musoma kuna sheria ambayo kila mtu anaijua: aliyesukuma hupanda. Magari yote yana betri mbovu, madereva wote wanaegesha kwenye mteremko, basi linaachwa linaunguruma huku dereva anakula na kunywa chai. Mtu akiliona gari limezima barabarani hajiulizi mara mbili, anajua ni betri. Wote walijua. Jamani, njia nzima hatukukutana na mtu hata mmoja mwenye shaka, na ndicho kilichotuponza.

Tangu hapo Baba Kulwa akaamua kwamba dawa ni kutosimama kabisa. Tukavuka Magu hatua kwa hatua kama maandamano. Mbele ya soko vijana wakaruka wakikimbia, jogoo akaruka kwa mabawa yake. Kuna mzee alitupungia mkono atupe salamu tu, sisi tukampungia na kumpita, na mama akafunika uso kwa khanga kwa aibu. "Mwambie," alisema, "hata maiti inapopelekwa watu husimama kusalimiana."

Lamadi: samaki

Lamadi ilibidi tusimame, kwa sababu mama alitaka kushuka.

"Mama anataka kushuka," nilisema.

"Kwa nini?"

"Anataka."

"Lakini kwa nini? Hatuwezi kusimama bila sababu."

Sasa mwanamke mwenye heshima atamwambiaje mkwe wake sababu? Nikamkazia macho mpaka akaelewa. Akatafuta mteremko. Lamadi haina mteremko. Tulizunguka vibanda vya chakula mara tatu, watu wakidhani tunatangaza mkutano wa siasa, mwishowe gari likazima lenyewe mbele ya mama lishe mmoja mnene, mcheshi, anayekaanga sato.

"Karibuni," alisema. "Gari zuri. Linajua chakula kilipo."

Nasema kweli, kama kuna jema katika siku ile ni sato wa yule mama. Mkavu kwa nje, laini kwa ndani, na ugali wa muhogo, na pilipili iliyosagwa na nyanya mbichi. Baba Kulwa alikula amesimama kando ya gari, kwa sababu mkwe hali chakula mahali anapokula mama mkwe, na pia kwa sababu alikuwa anawaeleza wapiga debe tofauti kati ya betri ya baridi na betri ya joto. Walimsikiliza kwa makini. Mmoja akamwambia ajaribu kuisugua vichwa kwa majivu. Akasugua. Mwingine akasema amwage maji ya betri kidogo, aongeze ya chupa. Akaongeza. Ukiwa na gari bovu Tanzania hukosi wataalamu, na kila mmoja anakuachia kitu kipya kilichoharibika.

Abiria wa basi la Musoma walitusukuma. Kwa bahati nzuri walikuwa na usafiri wao.

Bunda tulilala. Kunguni wa Bunda sitawasimulia, nina heshima zangu.

Kibara: betri inakwenda kazini

Ijumaa, baada ya kuacha lami na kushika njia ya vumbi ya Kisorya, betri ilikata kabisa. Lori la mnunuzi mmoja wa pamba, hawa wanunuzi binafsi waliojaa siku hizi, likatuvuta kwa kamba hadi Kibara, sisi tukimeza vumbi lake lote. Pale kuna mashine ya kusaga ambayo injini yake pia inachaji betri. Watu walikuwa wamepanga foleni, kina mama na magunia ya muhogo, kina baba na betri za redio.

Mwenye mashine alichovya kipimo chake cha kioo katika kila tundu la betri. "Seli moja hapa ni marehemu," alisema. "Hizi nyingine zinaumwa. Nikiichaji hadi kesho asubuhi itawafikisha mnakokwenda. Kurudi, sijui."

Tukakubali. Tungefanyaje? Jumamosi tukaamka mapema, Baba Kulwa amenyoa ndevu, tukaenda kuichukua. Betri haipo. Mwenye mashine akaja nayo kutoka ng'ambo ya barabara, ameibeba kwa mikono miwili, hana wasiwasi.

"Jenereta ya banda la video imeharibika," alieleza. "Sasa vijana walikuwa wameshalipa kiingilio."

"Mmewashia video kwa betri yetu?" niliuliza.

"Filamu mbili za Kihindi, mama, na moja ya karate. Lakini ilijitahidi sana."

Mimi si mtu wa kupiga kelele, mnanijua. Siku ile nilipiga. Nilimwita majina ambayo Padri akiyasikia atanitoa kwenye kwaya. Kikao kinakaa kabla ya mchana, jua linapanda, ziwa hatujavuka, na tumekwama Kibara kwa sababu ya karate! Halafu nikakaa juu ya gunia la mtu nikalia. Nililia kwa hasira, na kwa woga. Nilikuwa namwona Magesa ameketi barazani kwa baba yangu, anatema mbegu za machungwa yetu.

Mama hakulia. Alikaa kwenye kigogo, fimbo kati ya magoti, akatazama ile betri ikirudishwa kwenye nyaya. "Mwambie huyo mwenye mashine," alisema, "aichaji kiasi cha kuvuka tu. Nikifika ng'ambo nitatembea kwa mguu huuhuu mbovu."

Ikachajiwa kidogo. Tukaondoka.

Kisorya: kiti cha mkwe

Kivuko kilikuwa kimeshapakia. Kengele imepigwa, bati refu la kupandia bado liko mchangani, na mfanyakazi mmoja mwenye kofia ya sufu anatupungia tukimbie. Kikitoka hicho, kingine ni baada ya mchana. Baba Kulwa akaingia kwa kishindo, magurudumu ya mbele yakapanda bati, na hapo mtu mwenye baiskeli na gunia la dagaa akajikwaa mbele yetu. Breki. Kimya. Kitaa cha kijani.

"Toa hilo jeneza!" akapiga kelele yule wa kofia.

Gari likaanza kurudi nyuma, breki ya mkono ikiwa ni pambo tu. Baba Kulwa akaisukumiza gia ya kwanza kwa nguvu, bila klachi, ikalia krrr ikashika. Akaruka nje, na kwa fadhaa, kwa mara ya kwanza tangu Buhongwa, akasahau kuzima swichi. Vijana wakaweka mawe nyuma ya matairi.

"Tusukume," alisema, akitaka kurudi kwenye kiti.

"Wewe unakwenda wapi?" aliuliza yule wa kofia. "Ukae kama bwana harusi, sisi tusukume? Njoo nyuma, una mabega."

Wanaume walikuwa wachache, wengi walishapanda. Mimi nilishamshusha mama, niko tayari nyuma, nimejifunga khanga kiunoni. Lakini usukani lazima ushikwe, la sivyo gari litakwenda ziwani. Tukatazamana. Aliyebaki ni mmoja tu, asiyeweza kusukuma kwa sababu ya mguu.

"Bibi aingie," alisema yule wa kofia.

Mngeona uso wa mume wangu! Mama mkwe akalie kiti cha mkwe, bado kina joto lake! Mama naye alisimama pale mchangani akilitazama lile gari, akalitazama ziwa, akalitazama jua. Kisha akafungua khanga yake ya juu, akaitandika juu ya kiti chote, akasema, "Marehemu anisamehe," akaketi.

Tukashika gari. Moja, mbili, tatu. Halisogei. Baba Kulwa akakumbuka: gia! Gari liko kwenye gia. Ilitosha tu kuingiza mkono dirishani aitoe. Lakini aingizeje mkono mbele ya magoti ya mama mkwe, watu wazima kwa watoto wanatazama? Afadhali gari lizame. Akabaki nyuma, akanipigia kelele sikioni:

"Mwambie mama akanyage ile ya kushoto! Aikanyage mpaka mwisho!"

"Mama! Kanyaga ya kushoto! Mpaka mwisho!"

Mama akakanyaga.

Gari likawaka.

Lenyewe! Hakuna aliyegusa swichi, hakuna aliyesukuma, linaunguruma vizuri kabisa. Mama akapiga yowe, akainua mguu kama aliyekanyaga kaa la moto, na gari likaruka. Sisi wa nyuma tulianguka kifudifudi, mimi juu ya yule wa kofia. Likapaa juu ya bati, likaingia kivukoni, watu wakatawanyika wakiita majina ya watakatifu, likazama katika magunia ya dagaa, likazima.

Halafu kivuko kizima kikalipuka kwa vifijo. "Bibi anaendesha! Bibi ni moto!" Nilikimbia na mchanga mdomoni. Mama alikuwa ameshika usukani kama mtu anavyoshika beseni la maji ya moto, macho mbele, kitambaa cha kichwa kimemteremkia kwenye jicho.

"Mwambie," alisema polepole, "gari lake halina ugonjwa. Lina usingizi. Ukilikanyaga mguu linaamka."

Hatukuweza kumtoa, maana milango yote ilibanwa na magunia. Alivuka ziwa akiwa pale pale kwenye usukani, na kila aliyepita alimwamkia.

Rugezi hadi kikaoni

Tulipofika ng'ambo, Rugezi, na kuliondoa gari kwenye magunia, mama akarudi nyuma na khanga yake. Baba Kulwa akaketi. Akawasha, akatembea kidogo, akasimama. Likanyamaza, kitaa kikawaka. Safari hii hakugusa swichi. Akakanyaga klachi, ile ya kushoto, taratibu. Likawaka. Akarudia. Likawaka. Akakitazama kile kitufe cha Kijapani, akakibonyeza, kitaa kikazimika, na tangu hapo gari halikuzima tena.

Kumbe! Wajapani walilitengeneza makusudi lipumzike likisimama, lisile mafuta bure, na likiguswa klachi liamke. Betri yake ilikuwa nzima, tena yenye nguvu ya kuwasha mara mia kwa siku, na tulimwachia Daktari wa Igoma na hela juu. Tukasukumwa nusu ya Kanda ya Ziwa kwa sababu ya kitufe! Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Baba Kulwa aliendesha tu mpaka Nansio, na mimi nilikuwa nacheka kwa wawili.

Lakini wenye baiskeli tuliovuka nao walishatutangulia kwa njia za mkato. Tulipofika nyumbani, kikao kimejaa barazani, na hakuna aliyekuwa anamsikiliza Magesa. Wote walisimama kutazama gari. Habari ilikuwa imefika kwamba bibi ameingia kivukoni akiendesha mwenyewe, tena kwa kasi, akapiga magunia na hakuumia.

Mama akashuka na fimbo yake, akasalimu, akaketi kwenye mkeka.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Bigambo, mkubwa wa ukoo. "Magesa," alisema, "ulikuwa unasema kikongwe hawezi kitu peke yake. Endelea."

Magesa si mjinga. Hoja ile akaiacha ife, akashika ya pili. Akanyoosha kidole hadi uani, alikosimama Baba Kulwa. "Haya, na yule? Si nilisema? Mkwe amekuja mwenyewe kikaoni kusimamia mali! Leo analeta gari, kesho analeta tela la kubebea machungwa."

Watu wakanung'unika. Hiyo ndiyo iliyokuwa inawauma kweli, mji wa ukoo kwenda kwa mkwe. Nikaona nyuso zinabadilika.

"Mkwe gani?" mama aliuliza.

"Yule pale!"

"Nimevuka ziwa nimekalia kiti chake. Watu wote wa kivuko wameona. Kwetu hapa kuna mwanamke aliyewahi kukalia kiti cha mkwe?" Akawatazama mmoja mmoja. "Yule ni dereva."

Jamani, wote walimjua! Walikula ng'ombe wa mahari yake. Magesa mwenyewe alivaa koti alilomletea. Mzee Bigambo akakuna kidevu muda mrefu. Akisema mkwe, Magesa ameshinda. Akisema dereva, hakuna kesi. Mwisho akamwita Baba Kulwa aje karibu.

"Kijana," alisema, "sitaki maneno ya wanawake wala ya Magesa. Sema mwenyewe. Hapa wewe ni nani?"

Baba Kulwa alisimama juani, vumbi la Kibara hadi kwenye kope, magamba ya dagaa kwenye shati. Mnamjua. Mtu anayejitambulisha kwa wauza nyanya kwamba alikuwa mkuu wa stoo. Mtu aliyemfukuza fundi bomba kwa kumwita "ndugu" badala ya "mzee". Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Dereva, mzee," alisema. "Nimemleta bibi nyumbani kwake."

Mzee Bigambo akageukia kikao. "Basi mkwe hayupo. Mwenye mji amefika. Kuna lingine?"

Hapakuwa na lingine. Magesa alitafuta viatu vyake.

Siku ile, wenzangu, nilimpenda mume wangu kuliko siku ya harusi, na nasema hivyo mbele yenu wote. Chakula kilipoiva wazee walikaribishwa ndani. Dereva hakaribishwi ndani, akakaa nje karibu na jiko pamoja na wale wa baiskeli. Mama alifunua chungu, akachagua sato mkubwa kuliko wote, mzima, akamweka kwenye sahani ya maua aliyoachiwa na marehemu baba, akanipa. "Mpelekee dereva," alisema, "umwambie ale ashibe."

Baba Kulwa alimla akammaliza, akanawa mikono. Kisha akaomba kitambaa na maji, akaanza kufuta vioo vya gari, ukoo mzima ukimtazama.